Fundi wa Makochi

Tarehe 9 Februari

Mwanangu,

Salamu zikufikie huko uliko. Natumaini unaendelea vizuri na kazi haikulemei. Sisi hapa tupo. Mimi ni mgongo tu, na mdogo wako kikohozi kimemwacha.

Nakuandikia kukujulisha kwamba mama yako hatunaye tena. Moyo wake ulisimama Jumanne asubuhi, hospitalini, mimi nikiwa nimetoka kumtafutia maji ya kunywa. Tumemzika Jumatano mchana. Leo ni Jumamosi, viti tulivyokodi vimerudishwa, na nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Sikukupigia simu. Safari ni ndefu na nilijua usingewahi. Halafu mimi kwenye simu huwa napaza sauti tu bila kusema la maana, wewe mwenyewe unanijua. Nikaona ni bora niandike mambo yakishatulia.

Watu walijaa. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, yule tunayegombania wateja kila siku, alifunga duka lake akaja kusimama nami tangu mwanzo mpaka mwisho. Wengi walikuulizia. Niliwaambia umesafiri kikazi, mbali, hupatikani. Walielewa.

Mdogo wako analia mchana kutwa. Mimi bado. Nimefungua duka jana nikanyoa vichwa vya watu kama kawaida.

Meza dawa zako. Usikae karibu na moto. Na mambo yako usimwambie mtu huko kazini, watu si wema kama wanavyoonekana.

Ni mimi baba yako.


Tarehe 2 Machi

Shikamoo Baba,

Hujambo na mgongo? Na mdogo wangu, anakula? Mimi sijambo, yaani silali njaa na sijaanguka tangu mwaka uanze.

Barua yako ilinifikia saa ya chakula. Niliisoma nimekaa juu ya rundo la sponji, nikaikunja, nikairudisha kwenye bahasha, nikaenda kumalizia mito ya makochi ya daktari mmoja wa meno. Jioni bosi wetu alipita kukagua. Sisi humwita Mzee Futi, kwa sababu futi kamba haimtoki shingoni hata akienda msalani. Akaivuta mishono yangu, akaitazama, akasema leo imenyooka kuliko siku zote. Nikasema asante.

Sijalia, Baba. Nimejaribu. Nilijifungia chumbani makusudi nilie, nikaishia kupanga nguo. Mwili wote umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya, na nasubiri ule mchomo unaokuja damu ikianza kutembea, hauji.

Basi linatoka huku jioni na kufika huko alfajiri. Mama amefariki Jumanne asubuhi, mmemzika Jumatano mchana. Ningewahi. Sitaki ugomvi, nataka tu tuelewane kwamba ningewahi. Sababu yenyewe naijua, lakini ningependa uiandike kwa mkono wako.

Kuhusu kumwambia mtu, umechelewa. Niliwaambia siku ya kwanza nilipoingia hii karakana, kabla hata sijaonyeshwa mashine yangu. Nilisimama katikati nikasema: mimi nina kifafa, natumia dawa, lakini siku moja moja naanguka. Nikianguka ondoeni mikasi na misumari karibu yangu, niwekeeni kitu laini chini ya kichwa, nilazeni ubavu, msinitie kitu mdomoni, msinikandamize, na mtazame saa. Ikizidi dakika tano nipelekeni hospitali. Isipozidi, kaeni nami mpaka nijue nilipo.

Dada anayeshona vifungo alihamisha kikombe chake cha chai kutoka kwenye meza yangu, na ilimchukua miezi kukirudisha. Kijana anayepaka gundi, ambaye naye tunamwita Gundi, aliuliza: "Kitu laini kama nini?" Wote wakamtazama, maana amezungukwa na sponji mpaka masikioni. Wakacheka, nami nikacheka. Tangu hapo kuna kipande kimetengwa kwa ajili yangu, kinaning'inia ukutani.

Mama ndiye aliyenifundisha maneno yale. Nilimwandikia kwamba nimeyasema, sijui kama alikwambia.

Binti yako.


Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini barua hii inakukuta salama. Mgongo bado unanisumbua nikisimama sana, na kinyozi akikaa hanyoi, kwa hiyo ndiyo hali.

Umetaka niandike, naandika. Niliogopa ungeanguka kaburini mbele za watu. Nilikuona kabisa kichwani mwangu, umelala kwenye ule udongo, watu wamerudi nyuma na kina mama wamewafunika watoto wao macho. Na wakwe walikuwepo. Ndiyo, mdogo wako amechumbiwa. Kijana ni fundi umeme, mpole, ana kazi yake, na mama yake ni mwanamke anayeona mpaka kisogoni. Hawajui lolote juu yako. Wanajua kuna binti mkubwa anafanya kazi mbali. Watu wakisikia kuna kifafa kwenye nyumba hawatafuti maelezo, wanatafuta mlango. Sikutaka mdogo wako aukose mlango wake kwa sababu ya lililokupata wewe. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, sina jingine la kuongeza.

Mama yako hakuniambia kwamba umewaambia huko kazini. Mambo yenu mengi hakuwa akiniambia.

Sasa nina ombi, na naliomba shingo upande. Wakwe watakuja rasmi mwezi wa tano kupanga siku. Sebule inatia aibu. Unayakumbuka makochi ya mama yako, yale ya kahawia. Vitambaa vimechanika, sponji inachungulia nje. Kila mwaka alikuwa akisema mwakani. Ungeyashonea vitambaa vipya huko kazini kwako, ukavituma kwa dereva wa basi, mimi na mdogo wako tungevivalisha. Wewe usijisumbue kuja.

Ni mimi baba yako.


Tarehe 11 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini nyote wazima. Mimi sijambo.

Asante kwa kuandika. Niliisoma mara mbili. Nilidhani ingeuma, lakini ni kama mtu anakusimulia habari za jirani.

Makochi nitayashona, kwa sababu ni ya Mama. Ila ujue nitavunja mwiko. Mzee Futi ana sheria moja tu, hata chelewa chelewa anasamehe: hakati kitambaa kwa kipimo cha mtu mwingine. Mteja akileta vipimo kwenye karatasi, anaikunja karatasi anampa arudi nayo, halafu anakwenda mwenyewe kulitazama kochi. Anasema kochi hukaa kama mwenye nyumba anavyokaa, limebonyea pale alipozoea, na karatasi haisemi hilo. Nimemwomba sana. Amekubali nitumie mashine baada ya saa za kazi, lakini amesema yeye hayumo.

Kwa hiyo chukua futi kamba. Pima urefu wa kiti, kina, mgongo, na mikono yote miwili, maana mkono wa kushoto umelegea. Andika kila kitu kwa sentimita. Rangi nimechagua kijani. Mama alipenda kijani.

Mdogo wangu mwambie hongera. Au usimwambie kama imetoka kwangu, sijui tumefikia wapi.

Binti yako.


Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Salamu tele. Tunaendelea vizuri.

Futi kamba ya mama yako haionekani, na ya jirani imekatika mwanzoni, inaanzia kumi na saba. Nimepima kwa ule mkanda wangu wa ngozi ninaonolea wembe. Usicheke. Ni mkanda ninaoujua kuliko ninavyojua mkono wangu, nilipoununua ulikuwa na sentimita sitini kamili, iliandikwa. Kwa hiyo kochi refu ni mikanda mitatu na viganja viwili, vile viti vya mtu mmoja ni mkanda mmoja na kiganja kimoja na nusu, na mengine yote nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Kiganja changu nimekichora pembeni upate ukubwa wake.

Mdogo wako nimemwambia na nimesema imetoka kwako. Alifurahi, halafu akaenda kukaa chumbani kwa mama yake.

Ni mimi baba yako.


Tarehe 8 Mei

Mwanangu,

Habari za huko? Hapa mambo yamekwenda kombo.

Vitambaa vimefika, vizuri sana, mishono kama ya dukani, ila haviingii. Tumevuta mimi na mdogo wako, yeye upande mmoja mimi upande mwingine, mpaka uzi ukalia. Nimekwenda kununua futi kamba mpya nikaupima ule mkanda. Siku hizi una sentimita sitini na nane. Miaka yote hii nimekuwa nikiuvuta kila asubuhi, nao ukirefuka taratibu bila kuniambia.

Wageni wanakuja Jumapili ya wiki ijayo. Sina ujanja mwingine. Ukiweza panda basi Ijumaa jioni, ufike Jumamosi alfajiri, uje na kitambaa kilichobaki uvipanue hapahapa kwa mashine ya mama yako, na urudi na basi la jioni hiyohiyo. Nitakulipia nauli. Hutakutana na mtu.

Ni mimi baba yako.


Tarehe 2 Juni

Shikamoo,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo. Mdomo umepona, umebaki mkwaruzo.

Nimekaa siku nyingi nikijiuliza kama niandike. Naandika kwa sababu mdogo wangu aliniambia ulimuuliza kama mimi nakumbuka kitu. Nakumbuka vizuri sana, mpaka pale panapokatika.

Nilisafiri usiku mzima bila kulala. Dawa zilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa chini kwenye buti ya basi, kwa hiyo za usiku zilinipita. Hilo ni kosa langu na nilijua nimelifanya. Nilifika, ukanipa chai, nikaketi kwenye kochi la Mama, pale penye shimo lake. Mzee Futi angeliona lile shimo angesema, unaona. Nikaanza kufumua. Mpaka saa nane nilikuwa nimebakiza kochi refu tu, nimelala chini yake na pini kwenye mkono wa gauni, mlipobisha hodi. Yaani walipobisha. Mama mkwe na mwanawe, walikuwa wakipita tu wakaona wasalimie.

Nilitoka nikawaamkia. Mama mkwe aliniitikia vizuri, akanishika mkono. Kisha nikasikia ile harufu ya mpira unaoungua, ambayo huwa naisikia mimi peke yangu. Nikakwambia kwa sauti ndogo: "Baba, inakuja." Nilikwambia wewe kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Ukanishika mkono juu ya kiwiko, ukaniingiza chumbani kwa Mama, ukafunga mlango, nikasikia unaongeza sauti ya redio. Kama zamani. Tofauti ni kwamba zamani ukifunga mlango Mama alikuwa upande wangu.

Nilipozinduka nilikuwa kati ya kitanda na mguu wa ile cherehani, mdomo umepasuka, na redio inatangaza mpira. Sikujua niko wapi wala ni mwaka gani. Nikawa nasikiliza tu sauti zenu. Mama mkwe akauliza: "Yule binti yuko wapi?" Nawe ukamjibu bila kigugumizi: "Yule fundi wa makochi? Kachoka na safari, nimemwambia ajinyooshe kidogo." Akauliza umempata wapi fundi mzuri namna ile. Ukasema ni wa mbali, ulielekezwa na mtu. Mkacheka kitu, sikukisikia.

Mdogo wangu ndiye aliyeingia na kitambaa cha maji. Akanifuta damu akasema nisamehe, nikamwambia hakuna neno, na kweli hapakuwa na neno. Walipoondoka nikamalizia kochi refu. Ulinitafutia teksi mpaka kituoni na kunibebea begi. Tuliagana vizuri.

Natumaini wageni waliyapenda. Kitambaa kile kioshwe kwa maji ya baridi, na msikianike juani kitapauka.

Fundi wa makochi.


Tarehe 15 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hatujambo, hofu ni kwako.

Makochi yamependwa. Kila anayeingia dukani anataka kuingia na ndani kuyaona.

Kuhusu ile siku. Ningesemaje? Nilikuwa na sekunde mbili. Walikuwa wamekuona ukitoka chini ya kochi na pini kwenye mkono wa gauni, neno likaja lenyewe, na halikuwa uongo. Fundi wa makochi si ndiyo kazi yako? Ningesema ni binti yangu wangeuliza kwa nini hukutajwa, kwa nini umejifungia, na ile sauti ni ya nini. Uchumba ungevunjika palepale kwenye makochi mapya. Mwenyewe nilisimama mlangoni kwa nje muda wote. Huenda hukujua. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa.

Nimeona ulivyoweka jina mwisho wa barua. Sikulala vizuri.

Andika.

Ni mimi baba yako.


Tarehe 19 Agosti

Mwanangu,

Natumaini u mzima, ingawa ni miezi miwili sijaona mwandiko wako. Mdogo wako anasema mnaongea kwenye simu na kwamba hujambo, lakini mimi haniambii zaidi ya hapo. Kwa kweli hata chumvi haniombi mezani, anaifuata mwenyewe.

Wakwe hawajarudi. Tangu siku ile wamekaa kimya, siku ya kikao ikapita bila taarifa. Nilidhani wana udhuru. Wiki iliyopita yule kijana akaja dukani peke yake kunyoa ndevu. Nikampaka povu, nikamlaza kichwa, nikanoa wembe, na pale wembe ulipofika chini ya kidevu nikaona ndio wakati. Mtu mwenye wembe shingoni hakatizi mazungumzo. Nikamwambia: "Yule fundi wa makochi ni mwanangu wa kwanza. Ana kifafa tangu utotoni. Siku ile alikuwa ameanguka chumbani nami nikawaficheni."

Hakushtuka. Alisubiri nimalize upande ule, akasema: "Tulijua, mzee. Mama alijua tangu alipomshika mkono. Anasema fundi gani ana pua yako." Nikamuuliza, sasa mbona mmekaa kimya, ni kwa sababu ya ugonjwa? Akasema ugonjwa uliwatia wasiwasi kidogo, haikatai, lakini mama yake kilichomchoma ni kingine. Alisema mtu anayemkana mwanawe wa kumzaa akiwa chumba cha pili, mkwewe atamfanya nini.

Nikamfuta povu lililobaki.

Benchi lilikuwa na wateja wawili wakisubiri zamu. Mmoja alinyoa akalipa. Mwingine aliondoka, na sasa anapita akieneza kwamba nyembe zangu zina kifafa. Nimepungukiwa na watu. Kinyozi wa ng'ambo amewapokea, ila mmoja amemfukuza kwa maneno makali, nimesikia.

Mwanangu, mimi sijui chochote. Hizo shughuli alizijua mama yako. Kazi yangu ilikuwa kufunga mlango, na niliifanya kwa bidii nikidhani ndiyo ulinzi. Na mara ile moja aliyokuwa hayupo, nikakutia kijiko mdomoni, jino lako likakatika. Naliona lilivyokatika mpaka leo ukicheka. Nifundishe. Niandikie linavyofanywa, hatua kwa hatua, nitajifunza.

Ni mimi baba yako.


Tarehe 7 Septemba

Shikamoo Baba,

Hujambo. Mimi sijambo.

Nimeisoma barua yako. Mdogo wangu alikuwa ameshanisimulia. Ningependa kukwambia nimefurahi, au nimekasirika, lakini nikijipapasa ndani sikuti kitu. Sijakusamehe na wala sina kinyongo. Ni kimya tu. Hata Mama sijamlilia bado, kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako uliye kwenye foleni.

Lile jambo haliandikiki. Nilikwisha kuliandika mwezi wa tatu, mistari michache, na ulilisoma. Ukitaka kujua njoo ukae hapa wiki moja. Mzee Futi hana neno, anasema vinyozi ni watu wa mikono. Siahidi kwamba nitaanguka. Nikianguka utaona, nisipoanguka utakunywa chai na kurudi.

Mimi.


Tarehe 30 Septemba

Mwanangu,

Natumaini umeamka salama na umepumzika. Mimi nimefika vizuri, mgongo umelalamika njia nzima. Mdogo wako kanipokea kituoni. Kaniuliza habari zako nikamsimulia mpaka nyumbani, akanipikia. Mama mkwe wake ametuma neno: atakuja siku utakayokuwepo wewe, umekaa juu ya kochi na si chini yake. Jibu la hilo ni lako, hakuna wa kukuharakisha.

Ninaandika upesi kwa sababu kuna jambo nilishindwa kukwambia tulipokuwa pamoja.

Alhamisi ulipoanguka nilikuwa nimekaa kwenye lile kochi ambalo halijavalishwa, namtazama Gundi akipaka. Sikuona dalili. Nilisikia mashine yako imenyamaza, nikageuka, ukawa unakwenda chini. Dada wa vifungo akadaka mkasi. Gundi akatungua ile sponji ukutani, nikadhani anakuja nayo kwako. Akaniletea mimi. Akasema, "Mzee, leo zamu yako."

Nitakwambia ukweli wote. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kufunga mlango wa barabarani. Miguu ilikwenda yenyewe. Mzee Futi akasema, bila hata kuinua macho kwenye kitambaa chake, "Acha wazi mzee, joto." Nikarudi. Nikapiga magoti. Nikakuwekea sponji, na kichwa chako kilikuwa kizito kuliko nilivyokumbuka. Kichana kilikuwa kwenye mfuko wa shati langu, mkono ukakifuata ukitaka kukutia mdomoni, nikautoa mkono nikaukalia. Wakanionyesha namna ya kukugeuza ubavu. Nilitazama saa ya ukutani, mshale ulikuwa unatambaa. Povu lilinimwagikia mkononi. Miaka yote hii sikuwahi kuligusa, mwanangu. Lilikuwa vuguvugu. Ni mate tu.

Haikufika dakika tano. Mlangoni walisimama watu watatu wanne, wapita njia, wakinyoosha shingo. Mmoja akauliza kwa sauti huyo binti ana nini na ni wa nani. Gundi alikuwa ananitazama mimi, na wenzake pia.

Hapo ukafumbua macho. Ukanitazama muda mrefu, ukaniuliza: "Wewe nani?" Gundi aliniambia baadaye nisijali, huwa unamuuliza kila mtu, hata Mzee Futi uliwahi kumuuliza. Lakini wakati ule sikujua hilo.

Nikakujibu: "Mimi ni baba yako." Mashine ya upande wa pili ilikuwa bado inaunguruma, nikaona sikusikika vizuri, nikarudia kwa sauti, wakanisikia mpaka wa mlangoni: "Huyu ni mwanangu wa kwanza. Mimi ndiye baba yake."

Ukafumba macho ukalala, kichwa chako kikiwa mapajani kwangu, nami sikuthubutu kukunja wala kunyoosha mguu mpaka saa ya kufunga. Ulipoamka ukaniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema nimekunywa. Nikaona wazi kwamba hukumbuki, na ulimi wangu ukagoma kulisema mara ya tatu.

Sijui kama ulisikia. Ndiyo maana nimeandika.

Baba yako.